Skrini ya gari haisikii kidole: jua kwanza tatizo liko wapi, ndipo utoe pesa

Unagusa ramani, kimya. Unagusa tena kwa nguvu, kimya. Halafu, ukiwa umeshakata tamaa, skrini inafanya mambo matatu kwa mpigo: inabadili stesheni, inapandisha sauti, inampigia simu mtu ambaye hukuwa na haja naye. Anayefika hapa mara nyingi huenda moja kwa moja kuulizia bei ya skrini mpya. Nimefanya kazi ya umeme wa magari muda wa kutosha kukuomba usubiri kidogo. Nimeletewa magari yaliyokwisha kubadilishwa skrini nzima na ugonjwa ukabaki palepale, kwa sababu kibovu kilikuwa betri, au chaja ya simu iliyochomekwa kwenye soketi ya kiberiti. Na nimeletewa mengine yaliyonunuliwa betri, yakaflashiwa programu (yaani kupakiwa upya), yakazimwa na kuwashwa mpaka mwenyewe akachoka, kumbe kilichokufa ni tabaka jembamba la mguso peke yake.

Kwa hiyo tutakwenda hivi: kupima kwanza, kisha kujaribu mambo yasiyo na gharama, kisha umeme, kisha programu. Kufungua dashibodi kuwe mwisho.

## Unachokiita skrini ni vitu vitatu

Juu kabisa, pale kidole kinapofika, kuna tabaka la mguso. Chini yake kuna paneli inayotoa picha. Nyuma ya hivyo viwili, wakati mwingine ndani ya boksi hilohilo na wakati mwingine mbali kabisa chini ya kiti au nyuma ya kabati la dashibodi, kuna kompyuta inayoamua nini kionekane na nini kifanyike. Vyote vitatu vinakula umeme wa betri ya volti 12.

Kila kimoja kinaugua kwa namna yake. Tabaka la mguso likifa, picha inabaki safi na saa inaendelea kutembea, ila kidole hakisikiki. Paneli ikifa, giza linaingia au mistari inajaa, lakini redio inaendelea kuimba. Kompyuta ikikwama, kila kitu kinaganda pamoja: picha, saa, vitufe, sauti. Umeme ukiyumba, mambo hayana mpangilio, leo inafanya kazi, kesho haifanyi, asubuhi ni mbaya kuliko mchana.

Tabaka la mguso lenyewe lina aina mbili kuu, na ni muhimu kujua lako ni lipi. Aina ya kwanza inahisi mabadiliko madogo ya chaji ya umeme kidole kinapoifikia, kama ilivyo kwenye simu za sasa. Hiyo haihitaji nguvu yoyote, inatosha kidole kifike. Aina ya pili ina matabaka mawili yaliyoachana kidogo sana, na unapobonyeza yanagusana. Hiyo ilitumika sana kwenye redio na ramani za magari ya miaka ya 2000, na bado ipo kwenye magari mengi yanayotembea leo. Kuzitofautisha ni rahisi: gusa kwa mfuniko wa kalamu ya plastiki. Ikijibu, ni ya kubonyezwa. Isipojibu kwa kalamu lakini ikajibu kwa kidole kitupu, ni ya kuhisi chaji.

## Ikikukuta barabarani

Usigombane nayo gari likiwa linatembea. Tumia vitufe vya usukani, amri ya sauti, au kinobu cha sauti kama kipo, na kama hakuna kinachofanya kazi, tafuta mahali pa kusimama. Nasema hili kwa uzito kwa sababu hata skrini nzima inavuta macho. Mwaka 2022 jarida la Vi Bilägare la Sweden lilipima madereva kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Kwenye Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe vya kawaida, kazi nne ndogo zilimalizika ndani ya sekunde 10. Kwenye MG Marvel R, ambayo karibu kila kitu kiko kwenye skrini, zilichukua sekunde 44.6, na kwa muda huo gari lilikuwa limeshapita zaidi ya kilomita moja. Sasa fikiria skrini isiyosikia.

Hatari nyingine ambayo watu huisahau ni kamera ya nyuma. Kompyuta iliyokwama inaweza kukuonyesha picha iliyoganda, picha ya sekunde kumi zilizopita, nawe ukadhani nyuma ni peupe. Ukiingiza rivasi na huoni kitu chochote kikisogea kwenye picha wakati gari linasogea, kanyaga breki. Tumia vioo vya pembeni, geuza shingo, na kama kuna mtu, ashuke akuelekeze.

Kama kiyoyozi na upepo wa kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele vinaendeshwa na skrini, tafuta leo, kabla ya shida, kama gari lako lina kitufe cha dharura cha kazi hiyo. Magari mengi yanacho. Kijue kilipo hata gizani.

## Dakika kumi za kupima

Simama mahali salama, vuta breki ya mkono, acha injini ikiwa inawaka. Chukua karatasi. Sehemu hii ndiyo inayookoa pesa kuliko nyingine zote, kwa hiyo usiiruke.

Anza na saa. Itazame ionekanavyo kwenye skrini, subiri dakika mbili. Ikitembea, kompyuta iko hai. Isipotembea, imekwama, na hapo unaweza kuruka moja kwa moja hadi kwenye kuwasha upya.

Bonyeza vitufe vya usukani na vya dashibodi: sauti juu, sauti chini, badilisha wimbo. Vikifanya kazi na skrini ikaonyesha mabadiliko, basi picha ni nzima na kompyuta ni nzima. Mshukiwa ni tabaka la mguso, au kitu kinacholivuruga.

Ingiza rivasi huku umekanyaga breki. Kamera ikitokea na picha ikisogea, hiyo ni hoja nyingine kwamba kompyuta inasikia sehemu nyingine za gari.

Sasa pima skrini yenyewe kipande kwa kipande. Fungua ukurasa wenye kibodi, kama ule wa kuandika anwani kwenye ramani, na uguse kila herufi kwa zamu, safu kwa safu. Andika zisizojibu. Kisha fungua ramani na uiburute kwa kidole kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, ukianzia juu ukishuka. Angalia kama kuna mahali ambapo ramani inaacha kufuata kidole. Redio za Android zilizofungwa baada ya gari kununuliwa zina njia bora zaidi: kwenye mipangilio ya wasanidi programu kuna chaguo la kuonyesha mahali kidole kilipo, na linachora mstari kila unapopita. Mstari ukikatika, hapo pamekufa.

Unachokipata kinaeleza mengi. Kama kuna mkanda mmoja tu usiojibu, ulionyooka wima au mlalo, tabaka la mguso limeharibika au waya wake bapa umelegea, na hakuna programu itakayolitibu. Kama skrini nzima haijibu lakini saa inatembea, inaweza kuwa tabaka, waya wake au programu. Kama inajibu lakini unagusa hapa inafungua pale, na ni ile aina ya kubonyezwa, imepoteza vipimo vyake. Kama inajigusa yenyewe, angalia kama ni sehemu ileile kila mara, hasa ukingoni, au ni popote. Sehemu ileile ni uchafu, maji, fremu inayokandamiza au tabaka linaloachana. Popote ni umeme mchafu.

Mwisho andika hali ya hewa na wakati. Je, ni baada ya gari kukaa juani? Asubuhi ya baridi? Baada ya kuoshwa ndani? Baada ya kufungwa kitu kipya? Baada ya simu kuunganishwa? Fundi mwenye kujali atakushukuru kwa karatasi hiyo.

## Uchafu, kioo cha kinga na joto

Mafuta ya mikono, jasho, vumbi na zile dawa za kung'arisha dashibodi hutengeneza utando, na skrini inayohisi chaji inausoma utando huo vibaya. Zima skrini. Chukua kitambaa laini cha maikrofaiba, futa kikavu kwanza ili vumbi lisikwaruze, kisha lowanisha kitambaa kidogo kwa maji safi na ufute tena. Maji yaende kwenye kitambaa, kamwe yasipuliziwe kwenye skrini, kwa sababu yanateremka hadi chini ya fremu na kukaa kwenye waya wa tabaka la mguso. Dawa za kusafishia vioo vya madirisha zenye amonia zinaharibu mipako ya juu, usizitumie. Ukingo ambapo skrini inakutana na fremu usafishe kwa brashi laini kavu, maana punje moja ya mchanga iliyojibana hapo inatosha kuwa kidole kisichoondoka.

Kama kuna kioo cha kinga kilichobandikwa, kibandue na upime bila hicho. Kioo kinene, au chenye mapovu ya hewa, au kilichobandikwa kikapanda juu ya fremu, husababisha shida nyingi ajabu. Nimeona watu wakikataa kukibandua kwa sababu walikilipia. Kibandue.

Glavu nazo: aina ya kuhisi chaji haizisikii nyingi kati yake. Na mkono uliolowa husikika vibaya.

Joto halihitaji maelezo marefu. Dashibodi ya gari lililofungwa juani inaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, na skrini nyingi hujipunguza mwanga au kujifunga zikipata moto kupita kiasi. Fungua milango, washa kiyoyozi, subiri robo saa, usiipulizie hewa ya baridi kali moja kwa moja. Kwenye baridi kali picha huburuta na mguso huchelewa, mpaka ndani ya gari kupate joto. Ikirudi hali ya kawaida kila mara baada ya joto kutulia, huna kitu cha kutengeneza bado, ila anza kutumia kizuizi cha jua kwenye kioo cha mbele. Joto la kila siku ndilo linalolegeza gundi iliyounganisha matabaka.

## Kuwasha upya ipasavyo

Kuzima injini si kuzima skrini. Kompyuta za magari ya sasa hubaki macho dakika kadhaa baada ya ufunguo kutoka, na nyingine hulala tu bila kuzimika, kisha huamka na kosa lilelile. Kwa hiyo kuna njia maalumu ya kuilazimisha ianze upya. Gari liwe limesimama, kwenye P au breki ya mkono.

Kwenye Tesla, shikilia vinobu vyote viwili vya usukani kwa pamoja mpaka skrini iwe nyeusi, kisha achia. Kwenye Ford zenye mfumo wa skrini uitwao Sync 3, shikilia kitufe cha kuwasha redio pamoja na cha kwenda wimbo wa mbele, kama sekunde 10. Kwenye Mazda zenye kinobu katikati ya viti, shikilia kwa pamoja kitufe cha kurudi nyuma, cha ramani na cha kuzima sauti. Toyota, Subaru na Volkswagen nyingi zinahitaji kushikilia kitufe au kinobu cha kuwasha redio sekunde 10 au zaidi, mpaka nembo itokee. BMW ni kinobu cha sauti, na unakishikilia muda mrefu zaidi, kama nusu dakika. Hyundai na Kia nyingi zina tundu dogo kwenye fremu, unaingiza ncha ya pini na kubonyeza taratibu. Redio nyingi za Android zina tundu kama hilo, limeandikwa RST.

Jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha: skrini inapoanza kuwaka, usiiguse. Tabaka la kuhisi chaji hujipima lenyewe katika sekunde za mwanzo, likijifunza hali ya kutoguswa ikoje. Kidole, kitambaa kibichi au tone la maji likiwepo wakati huo, linaweza kujifunza vibaya, na litakusumbua mpaka uwashe tena.

Kwa aina ya kubonyezwa iliyopoteza vipimo, tafuta kwenye mipangilio ukurasa wa kupanga upya mguso. Utaonyeshwa alama za msalaba kwenye pembe na katikati. Zifuate kwa ncha butu, si kwa kidole gumba, maana usahihi ndio kazi yenyewe.

Ikifufuka baada ya kuwashwa upya na isirudie kwa wiki kadhaa, achana nayo. Ikirudia kila siku mbili tatu, endelea kusoma.

## Simu na chaja

Chomoa kila kitu: waya wa simu, flashi, chaja ya soketi ya kiberiti, kamera ya dashibodi, kifaa kilichochomekwa kwenye plagi ya kupimia gari. Zima Bluetooth kwenye simu zote zilizomo ndani. Washa skrini upya, kisha uendeshe hivyo kwa siku nzima.

Simu inapounganishwa kwa Android Auto au CarPlay, picha unayoiona inatengenezwa na simu. Simu ikikwama au ikipata moto, unalaumu skrini bure. Kama ugonjwa unatokea kwenye ramani ya simu tu na hautokei kwenye menyu za gari, badilisha waya kwanza, kisha futa simu kwenye gari na gari kwenye simu, na uziunganishe upya.

Chaja nayo ni habari nyingine. Chaja isiyo na ubora hutoa kelele ya umeme kwenye nyaya, na tabaka linalohisi mabadiliko madogo mno ya chaji linaisikia kelele hiyo kama vidole. Ndiyo maana skrini hujigusa yenyewe simu ikiwa inachaji, na hutulia ukichomoa. Rudisha vifaa kimoja kimoja, kila kimoja kwa siku yake, mpaka umpate mkosaji.

## Umeme

Betri inayochoka inaweza kuwasha injini vizuri na bado ikaiangusha skrini. Wakati wa kupiga starti volti hushuka sana kwa muda mfupi, na kompyuta iliyokuwa inaamka inapata pigo katikati. Pima kwa mita ya umeme gari likiwa limelala saa kadhaa. Betri ya kawaida iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 iko nusu. Chini ya 12 imeisha. Injini ikiwaka, tarajia kati ya 13.5 na 14.7, ingawa kwenye magari mapya alteneta hupandisha na kushusha kwa makusudi. Mwambie mtu apige starti huku unatazama mita: ikishuka chini ya volti 9.6, betri au vichwa vyake vinahitaji kushughulikiwa kabla hujagusa kitu kingine.

Vichwa vya betri vyenye unga mweupe au kijani, vioshe na uvikaze. Ni kazi ya dakika kumi.

Kukata umeme kabisa kunaweza kuifufua kompyuta iliyokataa njia nyingine zote. Fuata hivi:

1. Hakikisha redio haihitaji namba ya siri ikikatiwa umeme, au kwamba unayo. Tafuta kwenye kitabu cha gari. Bila namba hiyo unaweza kubaki na redio iliyojifunga.
2. Zima gari, toa ufunguo au uupeleke mbali kama ni wa kisasa, fungua dirisha moja na boneti, subiri robo saa kompyuta zilale.
3. Legeza kichwa cha hasi peke yake, mara nyingi kwa spana namba 10, kiondoe na ukifunike kisiguse chuma.
4. Subiri robo saa nyingine.
5. Rudisha, kaza, washa gari, usiiguse skrini mpaka iwake kabisa.

Tarajia saa kupotea, na madirisha ya umeme kuhitaji kufundishwa upya kupanda yenyewe. Kwenye magari ya umeme na haibridi, usikate bila kufuata kitabu cha gari hilo hasa, maana yana utaratibu wake, na nyaya za rangi ya chungwa ni za volti kubwa zinazoua. Usiziguse kabisa.

Fyuzi hazimalizi muda. Skrini huwa na njia mbili za umeme: moja ya kudumu na moja inayokuja ukiwasha ufunguo. Ya kudumu ikikatika, redio inasahau saa na stesheni kila unapozima. Ya ufunguo ikikatika, skrini haiwaki kabisa. Tazama mchoro kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi, tafuta maneno kama RADIO, AUDIO au ACC, chomoa na upime kwa mita badala ya kutegemea macho. Badilisha kwa namba ileile: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, njano 20. Ukiweka kubwa kuliko ile ya awali unaondoa kinga ya waya, na waya huungulia ndani ya dashibodi ambako huoni.

Kuna kitu kimoja ambacho mafundi wengi hukikosa, hasa kwenye redio zilizofungwa baadaye: waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari. Ukiunganishwa kwenye skrubu yenye rangi au kutu, skrini hujigusa yenyewe na hakuna anayejua kwa nini. Washa skrini, weka ncha moja ya mita kwenye bodi ya chuma ya redio na nyingine kwenye hasi ya betri. Usomaji uwe chini ya volti 0.1. Ukizidi, kwangua chuma mpaka king'ae, funga upya, pima tena.

## Programu

Kama kila kitu hapo juu ni kizima na skrini bado inaganda, angalia toleo la programu kwenye mipangilio na ulinganishe na la karibuni kwa gari lako. Baadhi ya magari hupokea masasisho kwa intaneti, mengine kwa flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao unauchagua unapoifomati flashi kwenye kompyuta. Pata faili kutoka kwa mtengenezaji, si kwa mtu aliyelituma kwenye kundi la simu. Betri iwe imejaa au imeunganishwa na chaja, na usizime chochote mpaka imalize. Sasisho likikatika katikati linaweza kuiua kompyuta ambayo dakika tano kabla ilikuwa nzima.

Kurudisha mipangilio ya kiwandani ni hatua inayofuata. Inafuta simu zilizounganishwa, anwani na akaunti, kwa hiyo andika unavyovihitaji.

Wakati mwingine kinachoshindwa ni kumbukumbu ya kompyuta yenyewe. Mfano unaojulikana ni Tesla Model S za mwaka 2012 hadi 2018 na Model X za 2016 hadi 2018. Chipu yao ya kumbukumbu ya gigabaiti 8 ilichakaa kwa kuandikwa mara nyingi, na mwanzoni mwa 2021, baada ya kuombwa na mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, kampuni iliyaita magari takriban 135,000 yarudi kurekebishwa. Kasoro ile iliondoa kamera ya nyuma na vidhibiti vya kuondoa ukungu. Kabla hujalipa chochote, ingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji au ya mamlaka ya usalama uone kama gari lako limeitwa, na uulize kama dhamana ya sehemu hiyo iliongezwa muda. Inatokea mara nyingi kuliko wenye magari wanavyodhani.

## Tabaka la mguso likiwa limekufa

Dalili zake ni mkanda usiojibu, mapovu au nyufa nyembamba kama utando wa buibui ndani ya skrini huku juu ni laini, au ute unaotoka ukingoni. Matabaka yameachana. Skrini za CUE za Cadillac na zile za inchi 8.4 za Uconnect kwenye Jeep na Chrysler zinajulikana sana kwa ugonjwa huu. Usikubali kuuziwa kompyuta nzima. Kwa skrini nyingi tabaka la mguso linauzwa peke yake, pamoja na waya wake bapa, na kompyuta yako yenye mipangilio yako inabaki. Zile ambazo tabaka limeunganishwa na paneli kwa gundi angavu, badilisha viwili hivyo kwa pamoja.

Tahadhari na kompyuta zilizotumika. Magari mengi hufunga kompyuta kwa namba ya chasisi, na uliyoitoa kwenye gari jingine inaweza kuwaka ikakataa kufanya kazi mpaka ifunguliwe kwa mashine ya mtengenezaji. Muuzaji atakuambia inaingia. Kuingia inaingia.

Ukiamua kufanya mwenyewe, kata betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa kava lolote, kwa sababu mifuko ya hewa iko jirani na viunganishi vyake vya njano havichezewi. Tumia vibanio vya plastiki, si bisibisi. Piga picha kila hatua. Ukiifikia skrini, kabla hujaagiza chochote, fungua kilango kidogo cha waya bapa, uutoe, uufute kwa spiriti safi, uurudishe ukiwa umenyooka na ufunge kilango. Waya ulioota kutu kidogo au kulegea kwa mtikisiko unatoa dalili zilezile za tabaka lililokufa, na hapa ndipo kazi nyingi huishia.

Kama ni lazima kuagiza, soma namba iliyoandikwa nyuma ya paneli, si jina la gari. Gari la mwaka mmoja linaweza kuwa na paneli tatu tofauti. Hesabu pini za waya na upime upana kwa rula.

Kazi ikiwa ya fundi, mpe ile karatasi yako na umwombe mambo mawili: akuonyeshe mita inasoma nini kwenye umeme wa skrini, na akurudishie kipuri cha zamani. Anayeweza kufanya hayo mawili amepima kweli.

Na kabla kava halijarudishwa, unganisha betri skrini ikiwa bado inaning'inia kwenye nyaya zake. Gusa kila herufi ya kibodi, buruta ramani pembe kwa pembe, unganisha simu, ingiza rivasi mara tatu. Kisha iweke mahali pake na ubonyeze fremu kwa mkono pande zote nne huku ukitazama kama inajigusa. Fremu iliyokazwa kupita kiasi itaanza kujibonyeza siku ileile. Legeza skrubu robo mzunguko, jaribu tena, ndipo ufunge.